Mfumo wa kurithi kazini: dalili zake na pa kuchimba

Nilikabidhiwa mfumo wa mikopo wa SACCOS moja kwa utaratibu ambao wengi mnaujua: flashi, karatasi ya nywila iliyoandikwa kwa kalamu, na kauli moja tu, "kila kitu kimo humo." Kaka aliyeuandika alikuwa ameshahamia kazi nyingine. Humo mlikuwa na mamia ya faili za PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti), zikiwemo mkopo.php, mkopo_mpya.php na mkopo_mpya2_USIGUSE.php. Ile ya tatu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Hapa nitaandika "msimbo", yaani maagizo yanayounda programu. Ofisini tunasema kodi, lakini mhasibu akisikia "kodi imeharibika" anashtuka kwa sababu zake.

Wiki mbili za kwanza nilizipoteza kwa kusoma faili moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma hadithi. Msimbo wa kurithi hausomeki hivyo. Kilichonifungua macho ni malalamiko ya watu wa dirishani: kila lalamiko lilikuwa uzi, na kila nilipoufuata ulinipitisha sehemu za mfumo ambazo nisingezifikia kwa kusoma. Nikagundua pia kwamba chanzo mara nyingi hakikuwa pale nilipokuwa nimekodolea macho. Kilikuwa kwenye saa ya seva, kwenye aina ya safu ya jedwali, au kichwani mwa mtu. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na utakutuma nje ya msimbo mara nyingi kuliko ndani.

Kwanza kata waya

Kabla ya dalili yoyote: chukua nakala ya hifadhidata kwa `mysqldump` (zana ya kunakili hifadhidata ya MySQL), irudishe kwenye kompyuta yako, uhakikishe inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu kuwa nakala.

Kisha, kabla ya kuwasha mfumo kwako, futa funguo za huduma ya SMS na za malipo kwenye faili la mipangilio, na jaza namba yako mwenyewe kwenye safu yote ya simu za wanachama. Mimi sikufanya hivyo. Niliwasha mfumo kwenye laptopu saa nne asubuhi, nikafungua ukurasa wa "mikopo iliyochelewa" ili nione tu unafananaje, na ukurasa ule ukifunguliwa ndio unaotuma vikumbusho. Kabla ya saa tano simu ya ofisi ilikuwa haipumziki: watu wanauliza mbona wanadaiwa deni walilolipa wiki iliyopita. Nakala yangu ilikuwa ya wiki mbili nyuma.

"Kwenye seva unawaka, kwangu hauwaki"

Anza na matoleo. Ukipata kosa `Call to undefined function mysql_connect()`, msimbo wako uliandikiwa PHP 5. Familia ile ya `mysql_` iliondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, na hata PHP 5.6, ya mwisho katika ukoo wake, iliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Kishawishi ni kuanza kuhamisha kila kitu kwenda toleo jipya siku hiyohiyo. Subiri. Tafuta kwanza toleo lilelile lililoko kwenye seva (kwa Docker, programu inayokuundia mazingira yaliyotengwa, ni mstari mmoja, `php:5.6-apache`), uuone mfumo ukiwaka na kasoro zake zote. Ukiuhamisha kabla hujauona ukifanya kazi, hutajua kipi kimeharibiwa na wewe na kipi ulikikuta.

Mtego mdogo: `php -v` inakuambia toleo la kwenye terminali. Lile linalohudumia kurasa za wavuti laweza kuwa lingine kabisa. Muulize `phpinfo()` kupitia kivinjari.

Kama matoleo yanalingana, linganisha viendelezi (vipande vya nyongeza vya PHP) kwa `php -m` pande zote mbili. Ukiona msimbo wenyewe unachapwa kwenye kivinjari kama maandishi, angalia kama faili zinaanza na `<?` badala ya `<?php`; huenda `short_open_tag` imezimwa kwako. Na kama mambo ni kinyume, yaani kwenye Windows yako unawaka ila seva inakataa, tazama herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili. Windows haijali tofauti ya Mkopo.php na mkopo.php. Linux inajali.

"Nimebadilisha, hakuna kilichobadilika"

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote: kwenye seva ya majaribio, andika upuuzi katikati ya faili unalolihariri, `asdf asdf`, bila nukuu wala nukta mkato. Ukurasa ukiendelea kufunguka vizuri, unahariri maiti.

Faili hai liko wapi basi? `nginx -T` au `apachectl -S` itakuonyesha folda ambayo seva inasoma kweli. Kwangu kulikuwa na folda mbili zinazofanana kama mapacha, na ile yenye Git (zana ya kutunza historia ya msimbo) ndani yake haikuwa inatumika. Kama folda ni sahihi, mshuku OPcache, sehemu ya PHP inayokumbuka msimbo ilioukwisha kuusoma: `opcache.validate_timestamps` ikiwa 0, PHP haiangalii kama faili limebadilika mpaka uiwashe upya php-fpm, huduma inayoendesha PHP kwenye seva. Kivinjari kung'ang'ania JavaScript ya zamani ni la tatu, na mara nyingi watu wanalianza hilo kwa sababu ndilo wanalolijua.

Ukiwa huko kwenye seva, endesha `git status`. Usishangae ukikuta faili lukuki zimehaririwa palepale, bila kumbukumbu. Seva na Git vikipingana, seva ndiyo yenye ukweli, kwa kuwa ndiyo inayohudumia wanachama. Hifadhi kwanza hayo yaliyopo, jinsi yalivyo, kabla ya kuvuta toleo lolote jipya. Kuna marekebisho ya miaka humo ambayo hayapo popote pengine.

"Usiku kuna kitu kinatokea, na kwenye msimbo sikioni"

Nilitafuta neno "faini" katika faili zote siku mbili nzima. Kila asubuhi wanachama waliochelewa walikuwa wameongezewa faini, na hakuna faili lililokuwa likiiandika.

`crontab -l` inaonyesha kazi zinazojiendesha kwa ratiba, lakini za mtumiaji uliyeingia naye tu. Angalia na za wengine, mfano `sudo crontab -l -u www-data`, kisha folda ya `/etc/cron.d`, kisha `systemctl list-timers`. Kote huko hakuna? Ingia MySQL uandike `SHOW TRIGGERS;` na `SHOW EVENTS;`, uone amri ambazo hifadhidata inajiendeshea yenyewe. Faini yangu ilikuwa hapo, ndani ya hifadhidata yenyewe. Hutaikuta kwenye Git, na kutafuta kwenye faili ni kutwanga maji kwenye kinu.

"Ripoti ya leo haikubaliani na daftari"

Hapa nitakaa kidogo, maana dalili hii huja na sura nyingi na watu huitibu vibaya.

Sura ya kwanza: mwanachama kalipa usiku wa manane kwa simu, ujumbe wake unasema tarehe 1, mfumo unasema tarehe 31 ya mwezi uliopita. Sura ya pili: ripoti ya mwezi inafungwa vizuri, kisha siku ya pili jumla yake imebadilika. Sura ya tatu: riba inayohesabiwa dakika chache baada ya saa sita usiku inaonekana imewekwa siku moja mapema.

Chanzo ni kimoja. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC (saa rasmi ya kimataifa) kwa saa tatu, na seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC. Saa sita usiku ya kwetu, kwa seva bado ni 21:00 ya jana. Muamala wowote wa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku unaandikwa tarehe ya jana. Mchana hutaona tatizo lolote, ndiyo maana mfumo unaweza kukaa miaka hivyo huku mhasibu akirekebisha kwa mkono kila mwisho wa mwezi, kimya kimya.

Usiiulize saa moja. Ziulize tatu:

`date` kwenye terminali ya seva.
`echo date_default_timezone_get();` ndani ya ukurasa wa PHP.
`SELECT NOW(), @@global.time_zone, @@session.time_zone;` ndani ya MySQL.

Zikitofautiana, usikimbilie kubadilisha. Tazama aina za safu. Safu ya `TIMESTAMP` hutunzwa kwa UTC na kugeuzwa kila inaposomwa, kufuata saa za muunganisho. Safu ya `DATETIME` haigeuzwi, inabaki ilivyoandikwa. Mfumo ukiwa na zote mbili, na wa kurithi huwa nazo, ukibadilisha mpangilio mmoja nusu ya tarehe za zamani zinasogea na nusu zinabaki. Orodhesha safu zote za tarehe kutoka `information_schema.columns`, amua moja moja.

Tiba ya kienyeji utakayoikuta ni `+3 hours`. Nilizikuta sehemu saba. Sehemu moja ilikuwa imejumlishwa mara mbili, nadhani na watu wawili tofauti, kila mmoja akijua ametatua.

Na kuna saa ya nne, ya kwetu wenyewe. Kwenye daftari la malalamiko mtu ameandika "mfumo ulikwama saa 2". Ni 02:00, 08:00 au 20:00? Nilichambua logi za usiku wa manane nisione kitu, mpaka nilipomuuliza dada wa dirishani. "Saa mbili asubuhi bwana, ofisi usiku si imefungwa!" Tangu siku hiyo safu ile ya daftari ina vichwa viwili: asubuhi, usiku.

"Mwanachama huyu tu ndiye anayekataliwa"

Kila anayejaza fomu anapita, isipokuwa mmoja. Mwombe dirishani akuonyeshe jina kamili, usimsikilize tu. Kwangu jina lilikuwa na ng', kama ya ng'ombe.

Msimbo ulikuwa hivi: `"INSERT INTO wanachama (jina) VALUES ('$jina')"`. Ritifaa iliyo ndani ya jina inafunga nukuu kabla ya wakati, na MySQL inaona kilichobaki ni takataka. Dirishani walishajizoesha zamani: "Hao tunawaandika bila kile kialama." Matokeo yake majina hayalingani na vitambulisho, na kuna watu waliosajiliwa mara mbili, mara na kialama mara bila.

Lakini hilo la majina ni dogo. Pale ambapo ritifaa ya mtu mwema inavunja amri, mtu mbaya anaweza kuandika amri yake mwenyewe ikatekelezwa. Dalili hii ipande juu ya orodha yako siku hiyohiyo. Tafuta kila mahali ambapo kigezo kinapachikwa moja kwa moja ndani ya SQL (lugha ya kuiamuru hifadhidata), ubadilishe kutumia `prepare()` na `execute()` za PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata ambayo hutenganisha amri na data. Kuondoa ritifaa kwenye majina siyo tiba. Wenye majina yao hawakukosa kitu.

Ukishatengeneza, ritifaa itakurudia kwenye bili ya SMS. Simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda, ’, badala ya ile iliyonyooka. Iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS yenye nafasi ya herufi 160. Iliyopinda haimo, na kwa ajili yake peke yake ujumbe mzima unahamia mfumo wenye nafasi 70 tu, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa vipande vitatu, na unatozwa vitatu. Ibadilishe kwa `str_replace` kabla ya kutuma.

Dada wa ritifaa ni namba ya simu. Ukikuta wanachama wengi wana namba 2147483647, hawajaungana kwenye laini moja. Safu ni `INT`, na hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo. Mtu akiandika 0712… sifuri ya mbele inapotea lakini namba inaingia. Akiandika 255712… inazidi, na MySQL isiyo na ukali (isiyowashwa strict mode) inaikata kimya kimya. Namba ya simu ni maandishi. Iweke kwenye `VARCHAR`, chagua muundo mmoja, ugeuze zote. Zilizokatwa hazirudi, itabidi fomu za karatasi zitafutwe kabatini.

"Hesabu zinapishana kwa shilingi chache"

Endesha `SHOW CREATE TABLE mikopo;` na tazama safu za fedha. Zikiwa `FLOAT`, umempata. `FLOAT` inahifadhi namba kamili bila kupoteza hadi 16,777,216. Baada ya hapo inaanza kuruka. Aliyeandika mfumo kwa dola huenda asiione kasoro hiyo maisha yake yote. Kwa shilingi za Tanzania, milioni 17 ni mkopo wa gari lililotumika. Hamia `DECIMAL(15,2)`, lakini ujue shilingi zilizokwisha kupotea hazirudi kwa kubadili aina ya safu; salio lijengwe upya kutoka kwenye miamala.

Kama safu ni sahihi na bado zinapishana, ni ukadirishaji, yaani kufanya namba zenye senti ziwe kamili: mfumo unakadirisha riba kila mwezi, mhasibu anakadirisha mwishoni. Hapo usiamue wewe. Muulize yeye ni upi wa kwenye masharti ya mkopo.

"Malipo yameingia mara mbili"

Huduma ya malipo isipopata jibu la seva yako kwa wakati inaweza kutuma taarifa ileile tena. Mfumo wako unaipokea kama malipo mapya. Panga miamala kwa namba ya risiti kwa `GROUP BY` na `HAVING COUNT(*) > 1` uone ukubwa wa tatizo, safisha, kisha weka `UNIQUE` kwenye safu ya risiti ili hifadhidata yenyewe ikatae. Kwa walio Kenya: ukikuta namba 174379 ndani ya msimbo, hiyo ni ya majaribio ya Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha mifumo na M-Pesa. Jiulize kama tawi hilo la msimbo liliwahi kuisha kuandikwa.

"Nikigusa hapa, kule kunavunjika"

Mara nyingi ni faili moja linaloitwa na kila ukurasa na kubadilisha vigezo njiani, mfano `$riba` inayowekwa kwenye config.php na kuwekwa tena kwenye kichwa.php. Usitafute usafi mapema. Chagua mikopo kama ishirini ya aina tofauti: uliolipwa, uliochelewa, ulioongezewa muda, wa mstaafu. Endesha hesabu, hifadhi majibu yote kwenye faili. Badilisha. Endesha tena, linganisha kwa `diff`. Majibu ya awali hayahitaji kuwa sahihi; yanahitaji kuwa yaleyale, mpaka utakapoamua mwenyewe yabadilike.

"Hakuna anayejua mstari huu ni wa nini"

`git log -S'neno'` inakuonyesha lini neno liliingia na lini lilitoka. `git blame -w` inakuonyesha aliyeandika mstari, bila kudanganywa na waliopanga nafasi tu. Historia ikiwa ni badiliko moja tu lililohifadhiwa (commit) lenye ujumbe "mwanzo", Git haina la kukusaidia.

Aliyeondoka unaweza kumpigia. Mpigie jioni, msalimie, uwe na maswali matatu siyo thelathini, na usianze na "mbona uliandika hivi". Yangu yalijibiwa mawili. La tatu akasema, "Hilo muulize mama wa hesabu, yeye ndiye aliyeniambia niweke."

Mstari ulikuwa huu: `if ($tawi == 4) $riba = $riba / 2;`

"Shikamoo mama. Hili tawi la nne, mbona linatozwa riba nusu?"

"Marahaba mwanangu. Si wale wa mafuriko? Mkutano uliwapunguzia, walipoteza mashamba. Ilikuwa ya mwaka mmoja tu."

"Mwaka gani, mama?"

Akavua miwani, akacheka. "Wewe ulikuwa bado shule."

Msimbo haukuwa na kosa. Ulitekeleza azimio halali, na hakuna aliyerudi kumwambia mwaka umekwisha. Nilitaka kuufuta palepale, nikajizuia: nikiufuta, tawi zima linaamka na riba maradufu, na siyo mwanaprogramu anayeamua jambo hilo. Niliandika maoni ya mistari miwili juu yake, nikaeleza chanzo na tarehe niliyoambiwa, nikapeleka barua kwa meneja na orodha ya mikopo inayohusika.

Barua iko kwenye ajenda ya bodi. Bodi haijakaa bado, na mstari upo.